Mathew Brady: Mkusanyaji wa Picha za Manowari na Meli za Mito

Katika Hifadhi ya Taifa ya Marekani mna picha moja ya manowari Hunchback iliyopigwa katika mto James, jimbo la Virginia, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilivyodumu kutoka 1861 hadi 1865. Kabla ya vita hivyo Hunchback haikuwa manowari. Ilikuwa feri ya kuvushia abiria mjini New York, ikanunuliwa na serikali, ikatiwa mizinga na kupelekwa mitoni. Katika picha hiyo mabaharia wamejazana sitahani, weusi kwa weupe, na mmoja wao, Mmarekani Mweusi, amepakata banjo. Hakuna anayepigana. Picha yenyewe imo katika mkusanyo unaoitwa kwa jina la Mathew Brady, na jina hilo ndilo lililobandikwa kwenye maelfu ya picha za vita hivyo, za nchi kavu na za majini. La ajabu ni kwamba nyingi miongoni mwa picha hizo Brady hakuzipiga kwa mkono wake, na kufikia wakati zilipopigwa macho yake yalikuwa yamefifia mno.

Brady alizaliwa kati ya 1822 na 1824 katika wilaya ya Warren, kaskazini mwa jimbo la New York, kwa wazazi waliohamia huko kutoka Ireland. Tangu ujanani alisumbuliwa na ugonjwa wa macho, akalazimika kuvaa miwani mizito maisha yake yote. Akiwa kijana alikutana na mchoraji William Page, ambaye alimfunza misingi ya uchoraji na kumfungulia njia ya kufika jijini New York. Huko akafahamiana na Samuel Morse, mchoraji na profesa ambaye ulimwengu humkumbuka zaidi kwa telegrafu. Morse alikuwa miongoni mwa Wamarekani wa kwanza kujifunza ufundi wa Mfaransa Daguerre wa kunasa sura ya mtu kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha. Brady hakuanza na kamera. Alianza na visanduku: alitengeneza vijaluba vya kuhifadhia vito na picha hizo mpya. Mtu akiyatazama maisha yake kwa jumla ataona kwamba kazi hiyo ya mwanzo haikumwacha kamwe, kwani hadi uzeeni alikuwa mtu wa kutafuta mahali pa kuhifadhi picha kuliko mtu wa kuzipiga.

Mnamo 1844 alifungua studio yake katika barabara ya Broadway. Wakati huo wapigapicha walikuwa wengi mjini, na waliotaka kupigwa picha walikuwa wengi zaidi. Brady alijitofautisha kwa jambo moja. Wenzake walipiga picha ya yeyote aliyelipa, na mteja akaondoka nayo, ilhali yeye aliwaalika wanasiasa, majenerali, waandishi na waigizaji, akawapiga picha na kubaki na nakala. Nia yake ilikuwa kukusanya sura za watu mashuhuri wa taifa lake wangali hai. Mwaka 1850 alichapisha kitabu cha picha za Wamarekani mashuhuri, na mwaka uliofuata kazi zake zikatuzwa nishani katika Maonyesho Makuu ya London. Hata hivyo, kadiri studio ilivyopanuka ndivyo macho yake yalivyozidi kudhoofika. Kufikia miaka ya 1850 yeye ndiye aliyemkaribisha mteja, akamkalisha, akapanga mwanga na mkao, kisha fundi wake akaishika kamera. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi tarehe 27 Februari 1860, pale mwanasiasa mrefu asiyejulikana sana kutoka Illinois alipoingia studioni mwake saa chache kabla ya kuhutubia umma. Brady alimvuta kola juu ili kufupisha shingo yake. Mtu huyo alikuwa Abraham Lincoln, na picha hiyo ilisambazwa nchini kote katika kampeni ya urais. Inasemekana kwamba baadaye Lincoln mwenyewe alikiri kuwa picha hiyo na hotuba ya siku hiyo ndizo zilizompa urais.

Vita vilipozuka mwaka 1861, Brady alikuwa tajiri na maarufu, mwenye studio New York na nyingine Washington. Angeweza kutulia na kuwapiga picha maafisa waliokuwa wakielekea vitani, biashara iliyokuwa na faida kubwa. Badala yake aliomba ruhusa ya kufuatana na majeshi, akapewa, lakini kwa sharti kwamba gharama zote ziwe zake. Mwezi Julai alikwenda hadi Bull Run na gari lake la farasi lililofunikwa turubai jeusi. Jeshi la Kaskazini lilishindwa, askari wakakimbia, naye akasombwa na wimbi la waliokimbia hadi akarejea Washington akiwa amechakaa. Siku ya pili akapigwa picha na koti lake la safari na upanga aliopewa njiani. Baada ya hapo hakutegemea tena kufika kila mahali yeye mwenyewe. Aliajiri wapigapicha, akawanunulia magari, kamera, dawa na vioo, akawatawanya katika medani za vita. Miongoni mwao walikuwa Alexander Gardner, Timothy O'Sullivan na James Gibson.

Ni katika picha za majini ambapo uwezo na upungufu wa kazi hiyo huonekana wazi zaidi. Ufundi wa siku hizo ulitumia bamba la kioo lililopakwa kolodioni, likachovywa katika maji ya nitrati ya fedha gizani, likatiwa ndani ya kamera na kutumiwa lingali bichi. Fundi alikuwa na takriban dakika kumi za kupiga na kusafisha picha kabla ya dawa kukauka. Lenzi ilifunguliwa kwa sekunde kadhaa, na chochote kilichosogea katika muda huo kilitoka kama ukungu au hakikutoka kabisa. Askari wanaweza kuamrishwa kutulia, maiti hutulia bila kuamrishwa, lakini maji hayatii amri. Kwa sababu hiyo karibu meli zote katika picha hizo zimetia nanga au zimefungwa gatini. Mto unaonekana laini kama kioo kwa kuwa mawimbi yamefutana. Bendera ina umbo lisiloeleweka. Mbingu ni nyeupe tupu, kwani dawa ile ilihisi mno mwanga wa buluu na kuunguza anga yote. Anayekutana na picha ya kale ya meli ya mvuke ikikata maji huku mawimbi yakionekana wazi, na akaambiwa ni ya 1862, ana kila sababu ya kuitilia shaka.

Basi hakuna picha ya kamera ya pambano maarufu la majini la tarehe 9 Machi 1862, pale manowari mbili za chuma, Monitor ya Kaskazini na Virginia ya Kusini, zilipopigana kwa saa kadhaa huko Hampton Roads bila mmoja kumzamisha mwenzake. Virginia ililipuliwa na mabaharia wake wenyewe mwezi Mei mwaka huohuo ili isitekwe, na hakuna picha yake inayojulikana. Monitor ilipata bahati zaidi. Tarehe 9 Julai 1862 ilikuwa imetia nanga katika mto James, na Gibson akapanda sitahani na kamera yake. Aliwapiga picha maafisa, akawapiga mabaharia wakipika chakula nje ya meli kwa sababu ya joto lililokuwa ndani, akapiga mnara wa mizinga ukiwa bado na mabonyeo ya risasi za Virginia. Mbele ya kundi la mabaharia ameketi kijana mweusi. Karibu miezi sita baadaye, usiku wa kuamkia 31 Desemba, Monitor ilizama katika dhoruba karibu na rasi ya Hatteras na watu 16 wakapotea. Mabaki yake yaligunduliwa mwaka 1973, na mnara ule ukaopolewa mwaka 2002 ukiwa na mifupa ya wanaume wawili ndani yake. Wataalamu waliokabidhiwa kuusafisha walikuwa na kitu ambacho wanaakiolojia wa baharini hukipata kwa nadra, yaani picha ya chombo chenyewe kikiwa kizima na watu wake wakiwa hai.

Thamani nyingine ya picha hizi imo katika nyuso. Jeshi la wanamaji la Kaskazini liliruhusu kuandikisha watu waliotoroka utumwa tangu Septemba 1861, mapema kuliko jeshi la nchi kavu, na kwa jumla takriban Wamarekani Weusi 18,000 walihudumu melini. Vitabu vingi vya karne ya 19 viliwasahau. Kioo hakikuwasahau, kwa kuwa kamera ilipowekwa mbele ya sitaha ilimnasa kila aliyekuwapo, awe nahodha au mpishi. Haikuwa nia ya Brady kuandika historia ya mabaharia weusi, na hakuna haja ya kumvisha kilemba kisicho chake. Hata hivyo bila mabamba yake historia hiyo ingebaki katika orodha za majina peke yake.

Jeshi hilo la wanamaji lilikua kwa kasi ya ajabu. Mwanzoni mwa vita lilikuwa na meli zisizofika 100, na hadi mwisho zilizidi 600. Nyingi zilikuwa meli za biashara zilizogeuzwa: feri, meli za magurudumu ya kasia zilizozoea kubeba pamba, na vyombo vya kuvutia matishari. Sehemu ya vyombo hivyo ilipigana magharibi, katika mto Mississippi na vijito vyake, na huko mkono wa Brady haukufika sana. Kazi ya huko ilifanywa na wapigapicha wa miji ya kando ya mto, kama McPherson na Oliver na Andrew Lytle wa Baton Rouge. Huko Helena, Arkansas, tarehe 26 Aprili 1865, Thomas Bankes alipiga picha ya meli ya mvuke Sultana ikiwa gatini. Meli hiyo iliruhusiwa kubeba watu 376. Siku hiyo ilibeba zaidi ya 2,000, wengi wao askari waliotoka katika kambi za wafungwa, vita vimekwisha na wako njiani kurudi makwao. Wanaonekana wamesongamana hadi paa la juu. Usiku huo, baada ya saa sita, matangi ya mvuke yalilipuka karibu na Memphis na zaidi ya watu 1,100 wakafa kwa moto na kwa maji. Picha ya Bankes ndiyo ya mwisho kwao.

Kwa miaka mingi watu walioona picha yoyote kuukuu ya vita hivyo waliiita ya Brady, na kosa hilo Brady mwenyewe alilichangia. Kila picha iliyotoka studioni mwake ilibeba jina lake. Kwa mtazamo wake hilo lilikuwa haki: mtaji ulikuwa wake, mpango ulikuwa wake, na hata wachoraji wakubwa wa Ulaya walikuwa na mafundi. Mafundi wake hawakuona hivyo. Oktoba 1862 studio ya New York ilionyesha picha za maiti wa Antietam, na umma ukashtuka, kwani haukuwa umewahi kuuona uso halisi wa vita. Waliozipiga walikuwa Gardner na Gibson, lakini sifa zilikwenda kwa mwenye studio. Muda si muda Gardner alijitenga, akafungua studio yake mnamo 1863 na kuondoka na baadhi ya mafundi bora. Mwaka 1866 akachapisha kitabu cha picha za vita ambamo kila picha ina jina la aliyeipiga. Katika jambo hili Gardner alikuwa na haki, na Brady hakuwa nayo. Lakini ni vigumu pia kukana kwamba bila ukaidi na fedha za Brady, Gardner asingekuwa na gari la kumfikisha Antietam.

Brady hakukata tamaa. Aprili 1865, siku chache baada ya Jenerali Robert Lee wa Kusini kusalimu amri, alikwenda Richmond na kumshawishi, kwa msaada wa jamaa na marafiki, akubali kupigwa picha nyuma ya nyumba yake akiwa na sare ya jeshi lililoshindwa. Kisha vita vikaisha, na pamoja navyo likaisha soko. Watu waliofiwa na wana wao hawakutaka kuning'iniza ukutani picha za mahandaki na manowari. Brady alidai kuwa ametumia zaidi ya dola 100,000, akitarajia kwamba serikali ingenunua mkusanyo wote. Mnamo 1866 palikuwa na mpango wa Jumuiya ya Historia ya New York kuuchukua, nao ukafifia. Bunge lilipopelekewa pendekezo lilikaa kimya.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la Brady halikuwa zuri. Wakati wa vita alikuwa akinunua vioo na dawa kwa mkopo kutoka kampuni ya Anthony ya New York, na alipoelemewa na deni aliikabidhi seti ya mabamba badala ya fedha. Mabamba mengine aliyaweka katika ghala la kukodi. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 alifilisika. Kodi ya ghala ikalimbikizana, na mwaka 1874 mabamba yakauzwa kwa mnada ili kulipa deni hilo. Wizara ya Vita iliyanunua kwa dola 2,840. Maelfu ya vioo, pamoja na manowari zake na mabaharia wake, yakaingia mikononi mwa serikali bila Brady kupata senti. Wabunge wawili waliokuwa majenerali, James Garfield na Benjamin Butler, waliona aibu, na kwa juhudi zao Bunge likamlipa dola 25,000 mwaka 1875. Fedha hizo zilizimwa na madeni mengine.

Waliokuja kuziokoa picha zilizosalia nje ya serikali hawakuwa maprofesa bali askari wastaafu. Katika miaka ya 1880 wakongwe wa vita waliona wenzao wakifa na wakaanza kutafuta sura za meli na vikosi walivyotumikia. Arnold Rand alizikusanya Boston kwa niaba ya chama cha maafisa wastaafu. John Taylor wa Hartford, mkongwe mwingine, alinunua mabamba yaliyotokana na mikusanyo ya Brady na ya Gardner. Kazi hiyo ilidai uvumilivu, kwani picha moja ya manowari iliweza kuwapo kama bamba la kioo, kama picha pacha za kutazamwa kwa kifaa cha lenzi mbili, au kama kadi ndogo mfukoni mwa mjane. Wakusanyaji walijifunza kusoma alama ndogo. Mathalani, kadi yenye stempu ya kodi nyuma yake iliuzwa kati ya Septemba 1864 na Agosti 1866, kwa sababu ni katika kipindi hicho tu serikali ilitoza picha kodi hiyo. Kutokana na kipande cha karatasi cha ukubwa wa ukucha, mtu aliweza kukadiria ni lini baharia alimtumia mkewe picha ya meli yake.

Brady aliishi miaka hiyo Washington, akifanya kazi na mpwa wa mkewe, Levin Handy. Mkewe Juliet alifariki mwaka 1887. Macho yalikuwa yamekwisha karibu kabisa. Mwaka 1895 aligongwa na gari la farasi na kuvunjika mguu, akahamia New York, ambako marafiki wachache wa jeshi la zamani walimwandalia onyesho katika ukumbi wa Carnegie. Picha zake za vita zingeangazwa ukutani kwa taa, kubwa kuliko zilivyowahi kuonekana. Onyesho lilipangwa kufanyika tarehe 30 Januari 1896. Brady alifariki hospitalini tarehe 15 mwezi huohuo, akazikwa Washington.

Mwaka 1911 ulichapishwa mkusanyo wa juzuu kumi wa picha za vita hivyo chini ya uhariri wa Francis Trevelyan Miller. Juzuu ya sita ilitengwa kwa majeshi ya majini pekee, na ndani yake feri zilizogeuzwa manowari, meli za mito na mabaharia wao walionekana na wasomaji ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa wakati wa vita. Mabamba ya Wizara ya Vita sasa yamo katika Hifadhi ya Taifa. Yale ya wakusanyaji yalinunuliwa na Maktaba ya Bunge mwaka 1943, na yale yaliyobaki kwa jamaa ya Handy yakafuata mwaka 1954. Katika katalogi ya maktaba hiyo, picha za sitaha ya Monitor hazina tena jina la Brady mahali pa mpigapicha. Zina jina la James Gibson.